Sanduku la sindano lilikuwa wapi?

Muuguzi akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, kuna fomu anayopewa kujaza. Nimeziona nyingi, kwa sababu wenzangu hunitafuta niwasaidie kuzijaza wakati mikono yao bado inatetemeka. Fomu inauliza jina, wodi, saa ya tukio, ulikuwa unafanya nini, ulivaa glavu au hukuvaa. Karibu na mwisho kuna mstari wa chanzo cha tukio, na hapo huandikwa neno lilelile kila mara: uzembe. Wengine huliandika kwa adabu zaidi, "kukosa umakini". Mara nyingi anayeliandika ni huyohuyo aliyechomwa, anajishtaki na kujihukumu hapohapo.

Fomu hizo haziulizi sanduku la kutupia sindano lilikuwa mbali kiasi gani na kitanda. Haziulizi muuguzi alikuwa na wagonjwa wangapi usiku ule, wala kama palikuwa na mtu wa kumshikia mgonjwa mkono, wala kama aliyechomwa alikuwa amepata hata nafasi ya kunywa maji tangu aingie zamu. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuamini kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua nani ataambukizwa na nani atarudi kwake salama. Muuguzi akishafika kitandani na sindano mkononi, sehemu kubwa ya usalama wake imeshaamuliwa na watu ambao hawapo pale: aliyenunua vifaa, aliyepanga zamu, aliyechora jengo, aliyeondoka na ufunguo wa stoo.

Watu wasio wa kazi hii hudhani kwamba tunachomwa wakati wa kumdunga mgonjwa. Hilo hutokea, hasa mgonjwa akishtuka na kuvuta mkono. Lakini majeraha mengi hutokea baada ya kazi kwisha, katika zile sekunde ambazo sindano imetoka mshipani na haijafika pa kutupwa. Mkono wa kushoto umebana pamba pale damu inapotaka kutoka. Mkono wa kulia una sindano, na ndani ya tundu la sindano ile mna damu. Chupa za sampuli zimelala kwenye trei, zinasubiri kuandikwa jina kabla hazijachanganyika na za kitanda cha pili. Mgonjwa anauliza jambo. Ndugu wa mgonjwa mwingine anaita, "Sista, dripu imeisha!" Sanduku la sindano liko kwenye toroli, na toroli imebaki mlangoni kwa sababu nafasi kati ya vitanda haitoshi kuipitisha.

Afanye nini? Anaweza kuiweka sindano kwenye trei, ambako yeye au mwenzake ataishika baadaye bila kuiona. Anaweza kutembea nayo wazi katikati ya wodi yenye watu. Au anaweza kuirudishia kifuniko kwa mikono miwili, jambo ambalo kila mwanafunzi wa uuguzi hukatazwa tangu wiki za mwanzo, kwa kuwa mkono ulioshika kifuniko ndio unaochomwa. Anayefanya hilo la tatu analijua katazo vizuri kuliko mkaguzi atakayekuja kumuuliza kesho yake. Amepewa kazi isiyo na mwisho salama, naye akatafuta mwisho wake mwenyewe.

Hali hii haiponywi na semina nyingine ya siku moja. Inaponywa na sanduku lililo pale mkono unapofika, lililofungwa imara lisianguke, mdomo wake ukiwa chini ya usawa wa macho ili anayetupa aone anatupa wapi. Na linatakiwa kubadilishwa likifika robo tatu. Sanduku lililojaa hadi mdomoni ni mtego, maana anayekuja na haraka zake ataisukuma sindano yake ndani na kukutana na ncha za wengine. Kisha kuna sindano zilizotengenezwa zijifiche zenyewe baada ya kutumika, ama kwa kurudi ndani ya bomba, ama kwa kufunikwa na ganda la plastiki linalosukumwa kwa kidole gumba. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 ikiwataka waajiri watumie vifaa vya aina hiyo, na ndani yake mna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: wanaovitumia vifaa kazini washirikishwe katika kuvichagua. Majeraha ya sindano hospitalini mwao yalipungua sana katika miaka iliyofuata. Wauguzi wao hawakuwa wamegeuka ghafla kuwa watu makini kuliko jana yake.

Na msimsahau mtu wa usafi, wala yule anayefua mashuka. Hawa huchomwa na sindano ambazo hawakuzitumia, za wagonjwa wasiowajua, na mara nyingi hawajawahi kuitwa kwenye mafunzo hata mara moja. Nikisema muuguzi katika makala hii, nawahesabu na wao.

Hatari yenyewe ina ngazi zake. Kwa mtu asiye na kinga, kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina B huleta uwezekano wa maambukizi wa kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu hiyo. Homa ya ini aina C ilikadiriwa kwa miaka mingi kuwa karibu asilimia 2, na makadirio ya karibuni yako chini ya hapo. VVU ni kama asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000 waliochomwa, na hatari hupanda jeraha likiwa la kina, au damu ikionekana kwenye sindano, au sindano ikiwa ilikuwa ndani ya mshipa. Woga wetu kazini umepangwa kinyume na hesabu hizi. Kila aliyechomwa hulia kwa ajili ya VVU kwanza. Homa ya ini aina B, ambayo ndiyo yenye uwezekano mkubwa kuliko zote, wengine hawaifikirii kabisa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, milioni 3 walikuwa wakikumbana na ajali za namna hii kila mwaka.

Nataka nikae kidogo kwenye kinachotokea baada ya kuchomwa, kwa sababu huko ndiko nilikoona wenzangu wakiumia mara ya pili.

Mwenzangu mmoja alichomwa usiku wa manane akitoa kanula, ule mrija mdogo unaokaa mshipani, kwa mgonjwa aliyekuwa amechanganyikiwa na homa. Alifanya yote yanayotakiwa. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hakulikamua, hakulimwagia klorini, maana vyote viwili huumiza nyama na havisaidii. Akatazama saa, akaanza kutafuta dawa za kuzuia VVU. Mapokezi ya dharura wakamwambia dawa hizo ziko kliniki. Kliniki imefungwa mpaka asubuhi. Kabati la dawa lina ufunguo mmoja, ufunguo uko kwa mtu aliyemaliza zamu jioni, na simu yake haipatikani. Wodini kwake alikuwa amebaki mwanafunzi peke yake, na saa ya kuwapa wagonjwa dawa za sindano ilikuwa imefika. Akarudi. Akavaa glavu mpya juu ya kidole kilichofungwa plasta, akamaliza kuwadunga wagonjwa wote wa upande wake. Dozi yake ya kwanza aliipata jua likiwa limeshapanda.

Kwenye vitabu hakuna kilichoharibika. Dawa hizo zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, naye alikuwa ndani ya muda huo. Lakini kila anayezitoa anajua kwamba saa za mwanzo ndizo zenye thamani, na kwamba 72 ni ukingo wa shimo ambao hakuna sababu ya kuusogelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba wahudumu waliotumia zidovudini, dawa ya VVU ya wakati huo, baada ya kuchomwa walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa VVU uliopungua kwa takriban asilimia 81. Dawa za sasa ni bora na zinavumilika zaidi. Hospitali haihitaji jengo jipya ili dozi chache za kuanzia zikae mahali panapofunguliwa saa 24, penye mtu ambaye kazi yake usiku huo ni pamoja na kusema, "Kaa hapa, kunywa hizi, wodi yako nimeshaipelekea mtu."

Baada ya hapo zinakuja siku 28 za vidonge. Wengine huvimeza bila shida, wengine hutapika zamu nzima. Kuna vipimo vya siku ile, halafu vya wiki kadhaa baadaye, halafu vya miezi. Kuna kumweleza mwenzi wako kwa nini mnatakiwa kutumia kondomu kwa muda. Kuna mgonjwa ambaye damu yake inatakiwa ipimwe kwa ridhaa yake, na hapa nina msimamo mkali: aliyechomwa asiwe ndiye anayetumwa kumuomba. Nimeona likifanyika na ni ukatili kwa wote wawili. Mgonjwa anajikuta akimhurumia muuguzi wake, na muuguzi anasimama pale akimtazama mtu ambaye jibu lake linaweza kubadilisha maisha yake.

Na kuna maneno ya korido. Faili la aliyechomwa hupita mikono mingi ya watu wanaomjua kwa jina. Kesho yake mtu anamuuliza kwenye foleni ya chai, "Eti ilikuwaje?" Kwa sauti ya upole, ndiyo, lakini mbele za watu. Msichana aliyeanza kazi juzi anaona hayo yote, anajifunza. Siku yake ikifika, anaosha kidole, anafunga plasta, ananyamaza. Hospitali inayojivunia kwamba haina taarifa za majeraha ya sindano, mimi huitilia shaka. Pengine watu wake wameamua kunyamaza.

Kuhusu homa ya ini aina B nitasema kwa kifupi, maana jambo lenyewe ni fupi. Chanjo ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ratiba ya kawaida ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Watu wazima wenye afya nzuri, hasa wenye umri mdogo, zaidi ya 9 kati ya 10 hupata kinga, na kipimo cha damu mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho humwonyesha mtu kama yumo kati ya waliokingika. Kirusi hiki huweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka juu ya meza kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo hakihitaji hata sindano; mkwaruzo mdogo kwenye kidole unakitosha. Kumwingiza mwanafunzi wodini akiwa hajapata dozi hata moja ni jambo ambalo haliwezi kutetewa. Dozi ya mwisho hukamilika mwezi wa sita, na mafunzo ya wodini huanza mapema zaidi ya hapo. Basi chanjo ianze siku anayoandikishwa chuoni.

Sindano angalau unaisikia ikiingia. Hewa huisikii, na ndiyo maana kifua kikuu kimewapata wauguzi wengi kimyakimya. Mgonjwa anakohoa, vitone vidogo sana vinabaki vikielea chumbani kwa saa nyingi, na muuguzi anayeingia kutandika kitanda anavivuta hata kama mgonjwa ametoka kwenda kupigwa eksirei.

Barakoa ya kawaida ya upasuaji haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Inazuia mate ya anayeivaa yasimfikie mgonjwa na inapunguza matone makubwa yanayoruka, lakini pembeni mwa mashavu ina nafasi ambazo hewa hupita bila kuchujwa. Kwa kifua kikuu, surua na magonjwa mengine yanayosafiri kwa hewa inatakiwa ile inayokaza usoni, kama N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana. Nayo ina sharti lake. Nyuso hazifanani. Barakoa inayomkaa vizuri mwenye uso mpana humwachia mwenye uso mwembamba upenyo kando ya pua. Inatakiwa kila mtu apimwe ni aina na saizi ipi inayomkaa, na kila anapoivaa aifunike kwa viganja, apumue kwa nguvu, asikilize kama hewa inatoroka. Ndevu huharibu ukazaji huo. Stoo inayonunua saizi moja kwa watu wote imewalinda baadhi yao tu, na wengine wamebaki na imani kwamba wamelindwa, jambo ambalo naliona baya zaidi.

Ila barakoa ni ya mwisho kwenye foleni. Kabla yake kuna dirisha. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 8 za Lima, Peru, na nilipousoma nilitamani kuupeleka kwa kila anayechora hospitali. Watafiti walipima hewa katika vyumba vinavyotegemea madirisha na milango, wakalinganisha na vyumba vya kutenga wagonjwa vilivyofungwa mashine za kubadilisha hewa. Vyumba vya mashine vilikuwa na kiwango cha kubadilisha hewa mara 12 kwa saa. Vile vya madirisha yaliyofunguliwa yote vilifikia wastani wa mara 28. Na majengo ya zamani, ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda majengo ya kisasa. Zipo hali ya hewa na vyumba ambavyo dirisha halifai, na upepo hautabiriki. Lakini nimeona madirisha ya wodi yakipigiliwa misumari, na mengine yakizibwa na makabati, na hakuna aliyehesabu hilo kuwa suala la usalama wa wafanyakazi.

Mgonjwa wa hatari zaidi kwetu ni yule ambaye bado hajagunduliwa. Aliyeanza matibabu na dawa zikamkubali huacha kuambukiza baada ya muda si mrefu. Aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje tangu alfajiri akikohoa, kadi yake ikiwa imeandikwa "malalamiko ya kifua", huyo ndiye anayetuambukiza, yeye na wote waliokaa karibu naye. Hapo kinga ya muuguzi inakuwa ni utaratibu wa foleni: mlangoni awepo mtu wa kuuliza nani anakohoa, ampe barakoa, amkalishe kwenye hewa wazi, ampitishe mbele. Haigharimu kitu kikubwa, na hainufaishi wafanyakazi peke yao.

Uviko ulipokuja, dunia nzima ilijifunza maneno haya kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,500 huenda walifariki kwa ugonjwa huo. Tulipigiwa makofi kutoka kwenye madirisha na roshani. Ninaamini waliopiga makofi walimaanisha. Lakini katika miezi ileile kulikuwa na wauguzi waliovaa barakoa moja siku kadhaa na wengine waliojifunika mifuko ya plastiki. Kumwita mtu shujaa ni rahisi kuliko kumnunulia kinga, na sitaki tena kuitwa hivyo na mtu mwenye uwezo wa kusaini oda ya barakoa.

Hakuna kati ya haya lililo geni. Homa ya Lassa, ugonjwa wa virusi unaoweza kuua, ilijulikana kwa dunia mwaka 1969 kupitia wauguzi. Laura Wine, muuguzi wa misheni katika mji wa Lassa, Nigeria, aliugua na kufariki alipohamishiwa Jos. Charlotte Shaw aliyemuuguza akaugua, akafariki. Penny Pinneo aliyemuuguza Shaw akaugua pia, akapona baada ya kusafirishwa hadi Marekani. Ugonjwa ukatoka kwa mgonjwa mmoja ukaingia kwenye mwili wa anayefuata kupitia mikono iliyokuwa ikimfuta mgonjwa jasho. Yambuku, Kongo, mwaka 1976: hospitali ilikuwa ikianza siku na mabomba 5 ya sindano kwa wagonjwa wote, yakisuuzwa tu kati ya mtu na mtu. Ebola ilipoingia, wafanyakazi 11 kati ya 17 walifariki na hospitali ikafungwa. Kikwit, Kongo hiyohiyo, mwaka 1995: kati ya wagonjwa 315 wa Ebola, wahudumu wa afya walikuwa 80, na maambukizi kwao yakapungua mno baada ya vifaa vya kinga na mafunzo kufika. Yaani watu walikuwa walewale na ugonjwa uleule. Kilichoongezeka ni glavu, magauni, barakoa na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuvitumia.

Lacor, Uganda, mwaka 2000, daktari Matthew Lukwiya aliwaongoza wauguzi wake katika mlipuko wa Ebola na akafariki Desemba mwaka huohuo, pamoja na wafanyakazi wengine wa hospitali ile. Na katika mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi, taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 ilihesabu wahudumu 815 walioambukizwa au kudhaniwa kuambukizwa hadi mwezi Machi mwaka huo. Uwezekano wao wa kuambukizwa ulikuwa mara 21 hadi 32 zaidi ya watu wazima wengine. Zaidi ya nusu yao walikuwa wauguzi na wasaidizi wao. Haishangazi. Daktari hupita kitandani akaondoka. Anayebaki na matapishi, na mashuka, na mkono wa mgonjwa usiku kucha, ni muuguzi.

Ebola ilitufundisha jambo moja ambalo lingefaa kila wodi hata siku za kawaida: kuvua ni hatari kuliko kuvaa. Unavaa ukiwa safi na mwenye nguvu. Unavua ukiwa umeloa jasho, umechoka, nje ya gauni kumejaa usichotaka kukigusa. Ndiyo maana kuna utaratibu wa kuvua, glavu mapema na barakoa mwisho, mikono ikisafishwa katikati na mwishoni, na ndiyo maana kwenye vituo vya Ebola huvui peke yako. Mwenzako anasimama mbele yako akikutajia kila hatua kwa sauti. "Taratibu. Usiguse uso. Geuka. Sasa mikono." Kazi yake yote ni kukutazama. Kwenye wodi za kawaida, penye nafasi hiyo, tumeweka kioo na karatasi yenye michoro. Sehemu nyingi hakuna hata kioo.

Kuhusu kunawa mikono mmeshasikia mengi, sitawachosha. Niseme mawili. Glavu haichukui nafasi ya kunawa. Huweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na anayezunguka na glavu zilezile kitanda hadi kitanda anasambaza kila alichogusa. Pili, vitakasa mikono vya alkoholi ni msaada mkubwa, lakini haviui mbegu za bakteria ya kuhara iitwayo Clostridioides difficile, hapo ni maji na sabuni tu. Ambalo halisemwi ni ngozi yenyewe. Muuguzi anayesafisha mikono kila anapomgusa mgonjwa, zamu baada ya zamu, ngozi yake hukauka, hupasuka, na ngozi iliyopasuka ni mlango ulio wazi kwa vijidudu. Losheni isiyo na manukato pembeni ya sinki ni kifaa cha kinga sawa na sabuni. Sijawahi kuiona kwenye orodha ya manunuzi bila mtu kuipigania.

Na haya yote yanarudi kwenye idadi ya watu. Kila kanuni niliyoitaja hula muda. Kukagua barakoa, kuvua kwa utaratibu, kunawa kabla na baada, kusubiri mwenzako amshike mgonjwa anayerusha mikono. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi anajikuta akipima, kila dakika, usalama wake dhidi ya mgonjwa anayesubiri. Wengi huchagua mgonjwa. Uongozi ukishajua kwamba watachagua hivyo, na ukaendelea kupanga zamu vilevile, basi umeshafanya uamuzi kuhusu afya yao.

Sheria zipo. Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unahusu wauguzi peke yao, na unazitaka nchi zilizouridhia ziboreshe sheria za afya na usalama kazini ziendane na mazingira ya uuguzi. Orodha ya magonjwa ya kazini ya shirika hilohilo, iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja virusi vya homa ya ini, VVU na kifua kikuu kwa wanaokumbana navyo kazini. Maana yake muuguzi aliyepata kifua kikuu wodini anastahili kutibiwa na kulipwa kama mtu aliyekatwa na mashine kiwandani. Tatizo huja kwenye ushahidi. Aliyekatwa na mashine ana jeraha na mashahidi. Wewe utaambiwa kifua kikuu kiko kila mahali, huenda umekipata kwenye basi. Utaulizwa uthibitishe kwamba ulikuwa mzima ulipoajiriwa, na karatasi hiyo hutakuwa nayo.

Kwa hiyo mnaoanza kazi mwaka huu, kabla ya zamu ya kwanza ombeni kupimwa homa ya ini aina B na C, VVU na kifua kikuu, na mwombe nakala. Isiishie kwenye faili la hospitali. Iwekeni nyumbani, pamoja na kadi ya chanjo yenye tarehe zote. Siku mtakayochomwa, jazeni fomu usiku uleule hata kama mnaambiwa msubiri asubuhi, na muombe nakala yake pia. Na mkifika kwenye mstari wa chanzo cha tukio, andikeni mlichokiona: toroli ilikuwa mlangoni, sanduku lilikuwa limejaa, nilikuwa peke yangu.